Mwaka Tuliomlilia Mzee Oloo

“Mzee alizikwa mwishowe?”

Sauti ilitoka nyuma yangu, kwenye foleni ya chakula, siku ya mahafali hapa Rongo. Nilikuwa nimeshika sahani, nimevaa viatu vinavyonibana kwa heshima ya mpwa wangu aliyekuwa anahitimu, na sikuwa na habari ya maiti yeyote. Nikageuka. Alikuwa mzee mrefu, mkondefu, suti ya kijivu imemzidi mabega, ananitazama kama mtu anayejua kwamba atatambuliwa tu. Ilinichukua muda. Ilibidi niondoe suti niweke magwanda, niondoe mvi niweke kofia iliyolalia sikio moja.

“Koplo Barasa!”

“Hiyo ya koplo tuliachia serikali,” akasema. “Sasa mimi ni babu ya yule msichana amesimama pale na joho. Lakini Nyar Asumbi, binti wa Asumbi wewe, nimekuuliza swali. Mzee Oloo alizikwa, ama mpaka leo mnamzungusha kwa barabara?”

Nilicheka mpaka pilau ikamwagikia vile viatu. Mpwa wangu akaja mbio na joho lake, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia nilifiwa mwaka mzima nikiwa na umri kama wake, na sijawahi kula vizuri kama mwaka ule. Akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana huwapa wazee wanaoanza kupotea. Koplo Barasa alikuwa amefunga safari kutoka Bungoma kwa ajili ya mjukuu wake, na tuliketi chini ya hema mpaka watu wakaanza kukunja viti, tukikumbushana mambo ambayo hakuna mwingine pale angeyaelewa bila kuelezwa. Kwa hiyo ngoja nieleze.

Miaka hiyo, vyama vingi vikiwa bado vichanga, mahindi yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa serikali. Serikali ndiyo iliyonunua, ikaweka ghalani, ikapanga bei. Mtu wa kawaida aliruhusiwa kubeba kagunia ka kula nyumbani kwake. Ukizidisha hapo, ukavuka nayo kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kibali, ulikuwa mlanguzi. Vibali vilitoka ofisi ya wilaya, kwa karani aliyeogopwa kuliko mchungaji, na vilikwenda kwa watu waliojulikana. Mungu naye ana mipango yake: juu huko kwa Wakuria, ng’ambo ya mji wa Migori, mahindi yaliota mpaka yakawachosha wenyewe, na huku chini ziwani, Homa Bay, jua lilikausha kila kitu tulichopanda isipokuwa mtama na muhogo. Kati ya shibe ile na njaa hii palikuwa na barabara moja, na juu ya barabara hiyo, mbele kidogo ya Rongo, palikuwa na kamba, ubao wenye misumari, na Koplo Barasa. Kazi yetu ilikuwa kupita hapo.

Nasema yetu, lakini biashara ilikuwa ya shangazi yangu Turfena, ambaye sisi tulimwita Waya, kama Wajaluo wanavyomwita dada wa baba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, na nilitumwa Homa Bay nikamsaidie kwa sababu alikuwa amefiwa na mume. Nilidhani nakwenda kumfariji mjane. Nilimkuta amepanda juu ya magunia, kilemba kimekaa upande, anamtukana kuli kwa upole wa Kisabato usio na tusi hata moja. “Ndugu yangu, Bwana amekupa mikono miwili. Kwa nini unabebea nayo kama umeazima?”

Lililokuwa hatarini kwa Waya nililijua siku ya kwanza, kwa kuwa hakulificha. Shemeji zake, wakiongozwa na mkubwa wao Nashon, walitaka arudi nyumbani kwa marehemu, arithiwe na Nashon mwenyewe kama ilivyokuwa desturi, aketi. Waya hakutaka. Alikuwa amempenda mume wake na hakuona kwa nini apewe mwingine kama mtu anayepewa blanketi lililobaki. Wazee wa ukoo walipokaa kikao, walimpa sharti ambalo walidhani litamshinda upesi: abaki mjini mradi anajilisha mwenyewe bila kuomba mtu, siku atakayoshindwa, Nashon atakuja na mkokoteni achukue vyombo vyake. Kwa hiyo kila gunia lililopita kizuizini lilimnunulia siku nyingine za kuwa mwenyewe. Alikuwa akiyapapasa mahindi yale namna watu wanavyompapasa ng’ombe wa maziwa.

Chumba chetu kilikuwa katika ploti moja karibu na soko, vyumba vimepangwa mstari mmoja, bati moja refu juu ya wote. Hatukuwa na pazia la kutenga kitanda na sebule, tulikuwa na ukuta wa magunia. Wageni walikalia magunia, chai iliwekwa juu ya gunia, na mimi nililala nimegusanisha mgongo na gunia, nikisikia dumuzi wakitafuna ndani taratibu. Nyumba ilinuka vumbi la mahindi na samaki, harufu ambayo mpaka leo ikinipitia puani najihisi nimeshiba. Siku ya Ijumaa mchana Waya alipika cha Sabato mapema, kwa kuwa Jumamosi moto haukuwashwa: kichwa cha samaki wa mbuta kilichochemshwa na nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe, mboga za osuga zilizolala kwenye maziwa, na kuon, ugali wetu, wa mahindi matupu. Majirani walikuwa wanachanganya muhogo. Sisi tulikuwa wezi, kwa macho ya sheria, na tulikula kama wakubwa. Nilinenepa mwaka huo kuliko mwaka wowote wa ujana wangu.

Kuta za ploti ile hazikufika batini, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalikuwa mali ya wote. Upande wa pili wa ukuta aliishi Odera, aliyetuendeshea pikapu yake, pamoja na redio yake. Jioni wanaume walijazana humo kubishana siasa, na Waya na mimi tulichambua mboga kimya huku tukibishana nao kwa nyusi. Ni Odera aliyebuni matanga. Askari, alisema, hupekua kila gari, lakini hakuna askari anayetaka kupekua gari la msiba. Anaogopa laana, na kama haogopi laana, anaogopa kelele. Na katika nchi yetu nani asiyejua kwamba matanga hulishwa? Gari la wafiwa lenye mahindi ni jambo la kawaida kama mvua ya Aprili.

Ndivyo Mzee Oloo alivyozaliwa, au tuseme alivyokufa. Tulifunga matawi mabichi mbele ya pikapu na vitambaa vyekundu kwenye vioo, magunia yakalazwa chini, sisi tukaketi juu tukiwa tumejifunga leso viunoni. Safari za kwanza nilijificha uso kwenye leso kwa sababu nilikuwa nacheka, na mabega yakitetemeka ilionekana nimezidiwa na uchungu. Boke, Mkuria aliyekuwa akituuzia mahindi na ambaye alisafiri nasi kuhakikisha mzigo wake umefika, hakujua Kijaluo hata neno la kununulia chumvi. Kwa hiyo tulizungumza naye Kiswahili, na kilio alifundishwa kimoja tu, “Wololo yaye!”, akakirudia kwa sauti nene iliyowafanya hata mbuzi wa kando ya barabara wasimame.

“Dada Turfena,” alisema siku moja tukishafungiwa kamba na kufunguliwa, “huyu mzee wenu mimi nimemlilia kushinda baba yangu. Kwetu ningekuwa nimepewa ng’ombe.”

Mtu atauliza, maiti mmoja utamzikaje kila wiki? Hapo ndipo Koplo Barasa alipokuwa mgeni na sisi tukawa wenyeji. Mila zetu hazimmalizi mtu kaburini. Baada ya kuzika kuna kunyoa nywele. Baada ya kunyoa, wakwe wanakuja. Halafu mabinti walioolewa wanarudi kwao kumpikia marehemu, kila binti kwa siku yake, na Odera akampa Mzee Oloo mabinti wengi kweli kweli. Baadaye kuna ukumbusho. Yote hayo yanataka chakula. Kufa kufaana, Waswahili walisema, lakini sidhani waliwahi kuona kufaana kwa namna hii.

“Leo ni nini tena?” Koplo Barasa aliuliza, ameshika dirisha la Odera.

“Afande, leo ni binti ya tatu. Yule aliolewa Karungu.”

“Si alipika wiki iliyopita?”

“Hiyo ilikuwa ya bibi mdogo.”

“Huyu mzee alikuwa na bibi wangapi?”

“Afande, hata sisi tunashangaa. Wengine tumewajua kwa matanga.”

Koplo aliinamisha kichwa kwa heshima, akapokea chai yake ndani ya kiganja cha Odera, akashusha kamba. “Poleni sana. Mungu aiweke roho yake pema.” Alijua. Pale chini ya hema alinihakikishia kwamba alijua tangu safari ya pili, kwa sababu mwanamke mmoja kati yetu alikuwa na unga wa mahindi kwenye kope. Lakini alikuwa na watoto sita Bungoma na mshahara wa koplo, na alitupenda.

Waya hakusema uongo hata siku moja, na jambo hilo alilishikilia sana. Odera ndiye aliyesema kuna msiba. Yeye alilia tu, na kulia si kusema. Nililichukulia kama mzaha mpaka alasiri moja tulipokuwa tumeshapita kizuizi, kilima kimefunguka, ziwa linaonekana kwa mbali, Boke na mimi tumeshavua leso na kuanza kula ndizi. Waya alikuwa bado analia. Nikamgusa goti. “Waya, tumepita.”

“Najua tumepita.” Akajifuta kwa ncha ya leso. “Siku tulipomzika mume wangu, nyathina, mwanangu, nilikuwa napika. Watu walikuwa wengi, nilipika siku nne, kisha nikaanza biashara. Sijapata pahali pa kumlilia isipokuwa hapa. Huyu askari anadhani ananichelewesha.”

Boke akaweka ndizi chini, akamshika mkono, akasema kwa ile sauti nene, polepole, “Wololo yaye.” Na safari hii hakuna aliyecheka. Nilimpenda sana Waya siku ile, na Boke pia, nikaona aibu kwa kicheko changu cha safari zote zilizotangulia.

Habari ya soko huria ilitufikia kupitia ukutani. Redio ya Odera ilisema serikali imelegeza masharti ya nafaka, kwamba wakubwa wa ng’ambo wenye kutoa mikopo wameitaka iachie, kwamba sasa mtu yeyote anaweza kusafirisha mahindi popote bila kibali. Upande wa pili wanaume walilipuka. Mmoja alisema huo ni ushindi wa upinzani. Mwingine akasema ni njama ya kuwaachia matajiri wanunue nchi. Wa tatu akauliza kama sukari nayo itafuata, na kama itafuata, wakulima wa miwa wa Awendo watalia kwa lugha gani. Odera aligonga ukuta. “Min Otis! Umesikia? Tumekuwa huru!” Hivyo ndivyo majirani walivyomwita Waya, Mama Otis, kwa jina la mtoto wake aliyefariki mchanga.

Waya alikuwa anakatakata kitunguu. Hakuinua macho. “Ni mtego,” alisema.

“Wametangaza kwa redio!”

“Hata mwenye mtego humtangazia panya jibini. Serikali haiachi kitu chenye mafuta, Odera. Wanataka kujua nani ana mahindi. Ukitoka na gari lako wazi wazi, wanakuandika, kesho wanakuja. Sisi tuna msiba. Tutaendelea na msiba wetu.”

Wala usimcheke. Mtu aliyefukuzwa siku zote kwa ajili ya gunia la mahindi hawezi kuamini redio kwa jioni moja. Hata Odera, baada ya kufikiri, alikubali kwamba ni busara kungoja. Kwa hiyo Mzee Oloo, ambaye sheria ilikuwa imemwachilia apumzike, aliendelea kuliliwa. Tulifunga matawi, tukajifunga leso, tukapita kwa kilio wiki baada ya wiki, na kila mara Koplo Barasa alishika dirisha, akainamisha kichwa, akapokea chai yake.

Siku tuliyozinduka lilikuwa jua kali la saa sita. Tulikuwa tumesimamishwa, Boke yuko katikati ya wololo, mimi nimejifunika uso. Nyuma yetu likatokea lori, refu, limejaa mahindi mpaka juu ya kingo. Hakukuwa na turubai wala matawi. Matingo wawili walikuwa wamelala chali juu ya magunia wakitafuna miwa, wakitema makapi barabarani kama watu walio kwao. Koplo Barasa akashusha kamba bila hata kuwatazama. Lori likapita. Mmoja wa matingo akavua kofia kwa heshima ya msiba wetu.

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Odera akatoa kichwa dirishani. “Afande. Ile imebeba nini?”

“Mahindi.”

“Na kibali?”

“Kibali ya nini? Si ilitolewa? Ni soko huria.”

“Tangu lini?”

“Aa, ni kitambo kidogo.”

Waya akasimama juu ya magunia, leso kiunoni, machozi bado mashavuni. “Koplo. Na hii chai yetu umekuwa ukichukua?”

Nakumbuka jinsi alivyoona haya. Alizungusha kofia mkononi, akatazama viatu vyake. “Mama, nyinyi hamkuuliza. Mlikuja mkilia. Mtu akikuja akilia nitamwambia nini? Nyamaza, mahindi yako iko huru? Halafu kama kweli kuna maiti?”

Boke ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye magunia, na mimi nikafuata, na Odera akalaza paji la uso kwenye usukani. Hata Koplo alicheka, huku akirudi nyuma hatua moja moja. Waya peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama vumbi la lile lori likielekea Homa Bay, na nilipomwona anavyolitazama, kicheko changu kikaisha. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu ambayo sisi tulikuwa hatujaianza. Kilichokuwa kikimlisha hakikuwa mahindi, kilikuwa ile kamba. Watu walimlipa vizuri sokoni kwa sababu ilikuwa vigumu kupita. Sasa kila mtu mwenye lori anapita.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipofika sokoni bei ilikuwa imeanguka, na wiki iliyofuata ikaanguka tena. Akina mama waliokuwa wakipima mahindi kwa kikombe walianza kununua kwa debe, na nyumba jirani zikaacha kuchanganya muhogo. Watoto wa ploti walipita mlangoni wakila mahindi ya kuchoma kama si kitu. Nilifurahi kuwaona, na nikaona uchungu kwa ajili ya Waya, yote kwa pamoja, na sikujua niweke nini mbele. Boke hakurudi tena kwa biashara. Matajiri wenye malori walikuwa wanakwenda mpaka mlangoni kwake, wanashindana bei, na alituma salamu kwamba amenunua ng’ombe, amempa jina la Oloo. Odera aliuza pikapu akawa utingo wa lori, yeye aliyekuwa dereva, na alilizungumzia hilo kwa mzaha uliokuwa na kidonda ndani yake. Sisi tulibaki na ukuta wetu wa magunia tuliyoyanunua kwa bei ya zamani, na dumuzi waliokuwa wanatafuna kwa bidii kutushinda.

Nimefundisha watoto wa shule ya msingi muda mrefu, na nimesikia wakubwa wakilihubiri soko huria kama Injili na wengine wakililaani kama ukoma. Mimi nililiona likiingia katika chumba kimoja, na ninaweza kusema lilimpa Boke, likampa jirani, likamnyang’anya Odera. Miaka ya baadaye ilipokuja njaa, wenye maghala waliyaficha mahindi mpaka watu walie, na hapakuwa na karani wa kumlaumu, maana mwenye kosa alikuwa soko na soko halina ofisi. Siwezi kulisifu hivyo hivyo. Lakini pia nilimwona yule karani wa vibali. Zamani ulikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi, ukamsalimia mgongo wake, ukarudi nyumbani. Diwani wetu naye alipata kura za akina mama kwa sababu karani alikuwa binamu yake. Mwisho wa mwaka ule nilimwona karani huyo akimsalimia Waya kwanza, amevua kofia, akimuuliza habari za nyumbani kama Mkristo, na diwani kwa mara ya kwanza akalazimika kuahidi maji. Sikulisahau hilo, wala sitaki kulisahau.

Waya alikaa siku tatu akiyahesabu magunia na kuyahesabu tena. Siku ya nne aliniamsha asubuhi akanipa ungo. “Chagua yenye mashimo weka kando, ya kuku. Haya mazima tunayapika.” Alikopa sufuria kubwa ya kanisa, akapanga mafiga matatu mbele ya mlango, akachemsha mahindi na maharagwe pamoja, nyoyo, chakula ambacho kila Mjaluo amekula na hakuna aliyefikiri kukiuza kwa fahari. Waya alikikaanga upya kwa kitunguu kingi na mafuta kidogo, akaweka ukwaju kwenye uji, akanikalisha mlangoni na tabasamu nililoamriwa. Mahindi yakiwa ghali ungekuwa wazimu. Sasa yalikuwa rahisi, na tajiri mmoja hana haja ya sahani ishirini, ila maskini ishirini wana haja ya sahani moja moja.

Walaji wetu wa kwanza walikuwa wale wale matingo wa malori. Walikuwa wanashusha mizigo sokoni tangu alfajiri, wana njaa ya simba, na hawana mke Homa Bay. Wakafuata makuli, wakafuata wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka gatini, na yale magunia ya chumbani yakaanza kupungua kutoka juu. Siku moja niliamka nikaona sebule yote, kitanda mpaka mlango, kwa mara ya kwanza. Chumba kilikuwa kikubwa. Waya akaingiza mabenchi mawili humo, tukawa hoteli.

Habari za kuanguka kwa mahindi zilikuwa zimefika nyumbani kwa marehemu, lakini za nyoyo zilikuwa bado njiani. Shemeji Nashon alikuja Alhamisi, saa ya chakula, na mkokoteni wa kukodi na mwenye mkokoteni. Alikuwa amekuja na mke wake, Peres, mwanamke mwembamba niliyemwona siku hiyo kwa mara ya kwanza, ameletwa amsaidie mke mwenza mpya kufunga vyombo. Alitembea nyuma ya mume wake, amebeba koti lake kwenye mkono, na hata waliposimama mlangoni hakulishusha.

Hakukuwa na pa kusimama. Waya aliwasalimia vizuri, akawasogeza matingo wawili kwenye benchi, akawakalisha shemeji zake katikati ya mabega ya jasho, akawawekea nyoyo bila kuuliza. Mgeni ni mgeni. Nashon alikula sahani ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa utulivu, akafuta mdomo.

“Shemeji,” alisema, kwa sauti ya kikao, “tumesikia bei ya mahindi imeanguka.”

“Imeanguka kabisa,” Waya akajibu akimpitishia mtu uji juu ya kichwa chake. “Ndiyo maana umeshiba.”

Matingo walipiga meza. Nashon alisubiri kelele ziishe. Alieleza sharti la wazee, neno kwa neno. Alisema hoteli si kazi ya mwanamke wa heshima. Alisema mkokoteni uko nje na una gharama. Waya hakubishana. Alikuwa hana nafasi. Watu waliingia, watu walitoka, yeye alipakua, mimi nilipeleka, na nyuma, karibu na karai, sahani chafu zilikuwa zimepandana mpaka zinaegemea ukuta. Tulikuwa wawili tu.

Sikumwona Peres akiinuka. Nilimwona tu ameshachutama kwenye karai, koti la mumewe limetundikwa kwenye msumari, mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko. Aliosha upesi, kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa akifikiria sahani hizo tangu alipoketi. Waya alimtazama mara moja, akavua aproni yake ya ziada begani, akamrushia. Peres akaidaka kwa mkono mmoja, akajifunga.

“Peres,” Nashon akaita. “Twende. Huyu tutamrudia na wazee.”

“Tangulia, Wuon Apiyo,” alisema bila kugeuka, akimwita Baba Apiyo kwa adabu yote. “Mimi nikimaliza hizi nakuja.”

Nashon akatoka nje, akaketi kwenye ukingo wa mkokoteni, akangoja sahani ziishe. Hakuwa amewahi kufanya kazi hotelini, hakujua kwamba sahani za huko haziishi.